Nani Amekula Kilometa 13?

Ukilivisha gari matairi makubwa kuliko ya kiwandani, mtuhumiwa wa kwanza huwa kijana wa pampu. Mwenye Prado huingia sheli Ijumaa jioni, hujaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, huenda Morogoro na kurudi, hujaza tena, hupiga hesabu kwenye simu, kisha hukunja uso kama aliyetafuna shubiri. Gari ambalo mwezi uliopita lilimpa kilometa nane kwa lita, leo limempa sita na pointi saba. Huyo kijana lazima amecheza na pampu. Kama si pampu, basi mafuta yamechakachuliwa. Kama hayakuchakachuliwa, fundi aliyefanya sevisi amegusa kitu asichokijua. Na wote hao wakishasafishwa, inabaki EWURA, ingawa kazi yao ni kutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, si kumnywea mtu mafuta yake. Wa mwisho kushukiwa, na mara nyingi hawashukiwi kabisa, ni wale wanne weusi waliosimama hapohapo mbele ya kesi, wenye meno kama ya mamba, waking'aa kwa dawa ya kung'arishia matairi. Lakini hata hao wana utetezi wao. Sehemu nzuri ya mafuta yanayodaiwa kuliwa haikuliwa na mtu wala kitu, kwa sababu haikuwahi kuwapo. Ugonjwa wa kwanza wa gari lenye matairi makubwa ni ugonjwa wa hesabu, na anayekimbilia kutibu injini kabla ya kutibu hesabu atanunua kila dawa inayouzwa mjini, na kila moja itaonekana imemponya.

Tuchukue Prado za zamani kidogo, kwa kuwa ndizo shangingi la mtu wa kawaida (neno hilo lilikuwa la watu kabla ya kuhamia kwenye magari, na magari hayajawahi kulilalamikia). Nyingi zilitoka na tairi la 265/70R16. Maandishi hayo yakifasiriwa, tairi lina upana wa milimita 265, ukuta wake wa pembeni ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu yake ni ya inchi 16. Ukijumlisha kuta mbili na rimu unapata kimo cha milimita 777. Mwenye gari akapanda hadi 285/75R16, saizi inayopendwa na kila aliyewahi kutazama video ya jangwani, na kimo kikawa milimita 834. Mzunguko mmoja wa tairi la zamani ulilisogeza gari mita 2.44, wa hili jipya unalisogeza mita 2.62. Mita ya kilometa kwenye dashibodi haijaambiwa lolote kuhusu mabadiliko hayo. Yenyewe huhesabu mizunguko, na kwa kila mzunguko huandika mita 2.44 ilizofundishwa kiwandani, kama karani mzee aliyeachiwa rula ya shule ya msingi. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilometa 190. Karani ataandika 177. Zile 13 hazikuibwa na mtu. Zimepitwa bila kuandikwa. Kwenda na kurudi ni kilometa 26, na gari lililotumia lita 52.8 kwa kilometa 380 za kweli, yaani kilometa 7.2 kwa lita, litaonekana limekwenda kilometa 354 tu, yaani 6.7 kwa lita. Mwenye gari anaamini amepoteza lita 8.5 ikilinganishwa na enzi za kilometa nane. Kwa kweli amepoteza 5.3. Lita tatu na kidogo anazomdai kijana wa pampu kwa sauti ya juu, mbele ya foleni ya bodaboda, ni za hewani.

Hapa atakuwapo wa kusema: za hewani au za kwenye tangi, fedha imetoka mfukoni ileile, kwa hiyo kuna faida gani kujua kwamba barabara ni ndefu kuliko dashibodi inavyokiri? Ni kweli kwamba hesabu sahihi haimrudishii mtu hata senti. Lakini kila dawa atakayoijaribu baada ya hapo itapimwa kwa mizani hiyohiyo, na mizani mbovu haimwonei mnunuzi peke yake, humtajirisha mganga. Tena mizani hii ina mkono wa pili. Spidimita inakula chumvi ileile: inaposoma 100, gari linakimbia karibu 107, na inaposoma 50 ndani ya makazi ya watu, gari liko kwenye 53 na ushee, ambako tochi ya trafiki haitambui udhuru wa saizi ya tairi. Niwe mwadilifu: kanuni za kimataifa zinakataza spidimita ya kiwandani kusoma chini ya kasi halisi, ndiyo maana nyingi huzidisha kidogo, na kwa baadhi ya magari tairi kubwa humaliza tu ile akiba. Hata hivyo, dereva aliyezoea kutembea kwa “mia” yake ya zamani sasa anakwenda kasi zaidi bila kujua. Msukumo wa upepo dhidi ya gari hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo asilimia 7 ya mwendo ni takriban asilimia 15 ya upepo. Amefika Chalinze mapema, amefurahi, na palepale amelipia furaha hiyo kwa dizeli. Dawa ya ugonjwa huu ndiyo ya bei ndogo kuliko zote: simu yenye GPS ikupe umbali wa kweli, ujaze tangi hadi pampu ikate, sheli ileile, mara tatu mfululizo, ndipo uanze kulaumu. Anayetaka kumaliza kabisa atafute fundi wa umeme wa kurekebisha mita. Anayetaka kuokoa fedha achukue kipande cha karatasi, aandike “zidisha kwa 1.07,” akibandike kwenye dashibodi, karibu na ile stika ya kumkinga na husuda.

Mizani ikishanyooka, zinabaki zile lita 5.3 ambazo kweli zimeliwa, na hapo ndipo wataalamu wa kijiweni huleta hoja yao tamu: tairi kubwa huzunguka mara chache, injini nayo huzunguka mara chache, sasa mafuta yaongezeke kwa njia gani? Hoja hii haistahili kuchekwa. Kwenye barabara tambarare, injini yenye nguvu ya kutosha, mwendo wa wastani, kupungua kwa mizunguko kunaweza kweli kusaidia kidogo. Shida ni kwamba maisha ya gari si barabara tambarare. Mpe mtu baiskeli yenye sproketi kubwa mbele na ndogo nyuma, mpakilie magunia mawili ya mkaa, umwambie aupande mlima wa Pugu. Miguu yake itazunguka mara chache sana, hilo ni kweli, lakini muulize akifika kama amepumzika. Tairi kubwa hufanya gia zote ziwe nzito kwa asilimia ileile 7. Gari la otomatiki, likihisi uzito huo, hushuka gia mapema na kung'ang'ania huko. La zamani la gia za mkono, kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila tabo, humlazimisha dereva abaki gia ya nne pale alipozoea ya tano. Kisha kuna uzito wa tairi lenyewe. La meno makubwa linaweza kuzidi la kiwandani kwa kilo kadhaa, na kilo hizo zimekaa mahali pabaya kuliko pote, pembezoni mwa kitu kinachozunguka. Kilo moja kwenye ukingo wa gurudumu hudai nguvu ya karibu kilo mbili wakati wa kuondoka, kwa kuwa inasukumwa mbele na palepale inazungushwa. Kwenye foleni ya Mwenge, ambako gari huondoka na kusimama mara nyingi kuliko mlango wa duka, deni hilo hulipwa upya kila hatua, na breki huligeuza kuwa moto wa bure. Tiba halisi ya gia iko chini ya gari, kwenye difu: gari lenye uwiano wa 4.1 likihamia karibu na 4.4 injini inarudi kwenye hali iliyokusudiwa kiwandani. Ni tiba ya kweli, ina gharama, na kwa gari la fowili inafanywa mbele na nyuma kwa pamoja, la sivyo difu mbili zitagombana siku ya kwanza utakapoingiza fowili mahali pagumu.

Lakini kabla ya kushuka chini ya gari, inua macho. Matairi makubwa hayaji peke yake. Huja na ukoo wao. Wiki ya pili gari huinuliwa kwa springi na shokapu ndefu, ya tatu hupata ngao ya chuma yenye winchi, ya nne hupata keria, na keria ikishafungwa haiwezi kukaa tupu, ni aibu. Hupandishwa hema, koleo, jeki ndefu ya shambani, vibao vya kutokea mchangani, taa sita za kumulikia swala, na mwishowe vidumu viwili vya mafuta, kwa sababu, mwenye gari anaeleza, siku hizi gari linakula sana. Hapo ndipo kichekesho kinapokamilika: kidumu kimepandishwa juu ya paa kufidia mafuta yanayoliwa na kidumu kilichopandishwa juu ya paa. Si tusi la kijiweni hilo. Idara ya Nishati ya Marekani, ikizungumzia sanduku kubwa la mizigo juu ya paa, inakadiria hasara ya asilimia 2 hadi 8 mjini, 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na 10 hadi 25 kwenye mwendo wa kilometa 105 hadi 120 kwa saa. Keria ya chuma iliyojaa makorokoro haikuchongwa kwa upepo hata kama lile sanduku. Ajabu ni kwamba uzito, unaolaumiwa zaidi, si mkosaji mkubwa hapa. Idara hiyohiyo huhesabu kama asilimia 1 kwa kila kilo 45 za ziada, na kwa gari ambalo tayari ni zito athari huwa ndogo zaidi. Ngao na winchi huenda vikadai asilimia moja au mbili. Ni kodi ya kuvumilika. Upepo ndio hauvumiliki. Mtu anayeshuka kutoka 110 halisi hadi 90 halisi amepunguza msukumo wa upepo kwa theluthi nzima, bila fundi, bila spea, bila kumwomba mtu ruhusa isipokuwa mguu wake wa kulia. Na anayeishusha keria Jumatatu asubuhi na kuirudisha siku ya safari ameshinda nusu ya vita kwa spana moja. Wenye magari wachache hukubali. Gari lenye keria tupu gereji na paa tupu barabarani linasema mwenyewe hasafiri wikiendi hii, na siri hiyo haitolewi hadharani.

Badala yake hununuliwa sumaku. Inafungwa kwenye bomba la mafuta, muuzaji anaeleza jinsi inavyopanga molekuli mstari mmoja kama wanafunzi paredi, na bei yake huwa ndogo kiasi cha kutotia shaka. Kuna na vidonge vya kutia tangini, na chupa za maji zinazoahidi gesi. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hii kwa miaka mingi na kukuta vichache sana vyenye faida yoyote, nayo ndogo. Mtu atajibu kwamba jirani yake amefunga sumaku na ulaji umepungua kweli. Nakubali, umepungua. Ila siku ileile fundi alirekebisha mita, na asilimia 7 zilizokuwa zimepotea zikarudi nyumbani zikiwa zimevaa nguo za sumaku. Au hakurekebisha kitu, lakini jirani, akiwa ametoa fedha yake na anataka kuona matunda, wiki hiyo aliendesha kama amebeba mayai. Idara ya Nishati inasema uendeshaji wa pupa hupoteza asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu na 10 hadi 40 kwenye foleni. Sumaku basi ilifanya kazi, kwa njia ya kumtuliza dereva. Kwa kazi hiyo hata tasbihi kwenye kioo ingetosha.

Suala la upepo wa ndani ya tairi linahitaji maneno machache tu, kwa kuwa wengi wanalijua na wachache wanalifanya. Wikiendi mtu huteremsha upepo ili apite mchanga wa Kigamboni, hufurahi, hupiga picha, kisha hurudi mjini kwa lami na matairi yaleyale yaliyolegea kama chapati za jana, akikusudia kujaza “kesho.” Kila psi moja inayopungua huchukua wastani wa asilimia 0.2 ya mafuta. Kumi na tano zilizosahauliwa ni asilimia 3, mbali na joto linaloliua tairi kutoka ndani. Kujaza kupita kiasi si jibu pia, maana tairi huvimba katikati na kuliwa hapo tu. Na namba iliyoandikwa mlangoni iliandikiwa tairi la zamani. Njia ya wazee inatosha: paka mstari wa chaki kukatisha uso wa tairi, endesha mita chache palipo sawa, uone chaki imefutika wapi. Ikifutika kingo zikabaki katikati nyeupe, ongeza. Ikifutika katikati tu, punguza. Gharama ni kipande cha chaki.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote, nalo huletwa kila masika: wewe unaandika juu ya mafuta, mwenzako anapita Jangwani maji yakiwa yamefika magotini. Matairi makubwa si urembo, ni uokovu. Nimelichukulia pingamizi hili kwa uzito, nikalipimia kwa rula. Tairi lililokua milimita 57 kwa kimo huinua ekseli kwa nusu yake, yaani milimita 28. Kwa difu la nyuma lililo kwenye ekseli nzima, hakuna kingine kinachoweza kuliinua. Springi ndefu huinua bodi na kuliacha difu palepale lilipokuwa, jambo ambalo wauzaji wa springi hawalitangazi. Kwa hiyo milimita 28 hizo ni za kweli na zina thamani yake kwenye njia ya mawe. Lakini ni upana wa kidole gumba na nusu. Mafuriko ya Jangwani, yaliyowahi kuingia hata kwenye karakana ya mabasi ya mwendokasi, hayajulikani kwa kupungukiwa na kidole gumba na nusu. Na aliye na haja ya kweli ya kimo ana mfano wa karibu: angalia magari ya watalii ya Arusha, yale Land Cruiser marefu yanayoingia Serengeti na Ngorongoro mwaka mzima. Mengi yamevaa 7.50R16, tairi refu na jembamba lisilo na mvuto wowote kwenye picha. Ndugu yake wa kisasa, 235/85R16, ana kimo cha milimita 806. Ni pungufu ya lile pana kwa milimita 28, ambazo ukizigawa kwa mbili ni 14 chini ya difu, lakini ni jembamba kwa sentimita 5 nzima. Halisukumi upepo mwingi, na kwenye tope la juujuu hukata kushuka hadi kwenye udongo mgumu badala ya kuelea juu ya uji. Mchangani lile pana litamshinda, hilo lisifichwe. Ila kati ya Mbezi na Posta mchanga si mwingi.

Matairi makubwa yana gharama nyingine zisizoandikwa kwenye risiti ya mafuta, nazo hujitokeza moja moja. Tairi likikata kona kali linasugua madigadi, basi madigadi yanakatwa kwa grainda. Spea haiingii tena chini ya gari, basi inahamia mlango wa nyuma, basi bawaba za mlango zinalegea. Jeki ya kiwandani imekuwa fupi, jambo linalogunduliwa usiku, Mikumi, ishara ya tahadhari ya tembo ikiwa mita chache mbele. Maegesho ya chini ya ghorofa yana boriti iliyoandikwa mita 2.1, na hema la juu halijui kusoma. Na mama mkwe, aliyekuwa akipanda gari kwa heshima zake, sasa hubebewa kigoda. Kigoda hicho hukaa buti siku zote, na anayehesabu kilo 45 kwa asilimia moja akihesabu na hicho.

Pamoja na hayo yote, matairi hayatatoka. Mtu hafungi 285 kwa sababu ya difu. Anafunga kwa sababu gari likisimama mbele ya nyumba linaonekana limetoka mahali. Hiyo ni sababu halali, na ikikiriwa wazi hesabu inakuwa nyepesi: lita tano kwa safari ya Morogoro ni bei ya urembo, kama vile watu wanavyolipia suti na harusi. Akishusha keria, akajaza upepo, akakubali kwamba mia yake ni mia na saba, sehemu kubwa ya lita hizo inarudi, na zinazobaki azilipe akitabasamu. Kilometa 13 za kwenda Morogoro nazo zitarudi zote siku mita itakaporekebishwa. Kijana wa pampu, aliyeitwa mwizi mbele ya bodaboda kumi na mbili, bado yuko zamu, na mwenye Prado siku hizi hujaza sheli ya upande wa pili wa barabara.